Watoto wa Mkono Mwepesi

3 Februari

Dada yangu,

Usinipigie simu. Simu iko kwa shemeji yako. Anatembea nayo mfukoni, na ikilia anaipokea yeye halafu ananyamaza, asikie upande wa pili utasema nini. Juzi alimpokea mteja wangu hivyo hivyo, mama wa watu akadhani amepiga polisi kwa bahati mbaya. Ndiyo maana nakuandikia. Nimempa barua hii mtu wa vifurushi pale kituo cha basi. Jibu lako lipeleke kwa jina la duka la vitambaa ninakochukua nyuzi, mwenye duka ataniwekea.

Bonge anaumwa. Ulimwona mwaka jana ulipokuja, mashavu yamejaa mpaka macho hayaonekani. Siku hizi amebaki na jina tu. Homa inakuja na kuondoka, kuhara, vidonda mdomoni. Hospitali ya wilaya wakasema wampime kila kitu, wakampima kila kitu. Dada, mwanangu ana virusi vya UKIMWI.

Wakanipima na mimi. Sina. Wakarudia, sina. Yule daktari kijana akanitazama kama mtu anayetazama hesabu isiyokubali. Baba Bonge naye akapimwa, hana. Tulivyofika nyumbani alifunga mlango akaniambia, "Mimi sina. Wewe eti huna. Mtoto anavyo. Basi hapa kuna majibu yaliyopikwa, na si yangu."

Anasema nesi aliyenipima ni mteja wangu. Ni kweli, nimemshonea magauni. Sasa kila gauni nililomshonea yule nesi limekuwa ushahidi.

Wewe kazi yako ni kufuatilia magonjwa. Umekaa huko wizarani unajua ugonjwa umetoka nyumba gani ukaingia nyumba gani. Basi nifuatilie mimi. Uniambie virusi vimemwingiaje mtoto ambaye mama hana na baba hana.

Mdogo wako,
Kitinda

9 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa ofisini, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Kwanza Bonge. Aanze dawa leo, asisubiri kesho. Nimeona watoto waliofika wakiwa wamebebwa kwenye kanga wakarudi kliniki wanakimbia. Dawa hizi zinafanya kazi, ila zinataka ukaidi: kila siku, saa ile ile, atake asitake.

Pili, nenda ukapime tena mahali pengine, mbali na huyo nesi. Najua itakuuma. Lakini kipimo kilichofanywa na rafiki hakitakusaidia mbele ya mumeo, hata kiwe sahihi vipi.

Tatu, na hili naliuliza kama dada, si kama mtu wa wizara. Kuna mtu? Kama kuna mtu, au aliwahi kuwepo, hata mara moja, niambie mimi peke yangu. Sitakuhukumu. Katika kazi hii nimesikia mengi na nimejifunza kwamba mtu husema ukweli akishajua hatapigwa kelele. Niambie pia nani anakaa na mtoto ukiwa dukani, nani anamwogesha, nani anamlaza.

Ichane barua hii ukishaisoma.

Dada yako

15 Februari

Shemeji,

Salamu. Mimi ni mzima.

Barua yako ya tarehe tisa ninayo mimi. Nilipita duka la vitambaa kutengeneza swichi, mwenye duka akanikabidhi akidhani ananisaidia kumpelekea mke wangu. Sikuwahi kufungua barua ya mtu maishani mwangu, lakini nyumba ambayo barua zinapitia dukani si nyumba yenye siri ndogo.

Umeuliza kama kuna mtu. Nakushukuru. Nilikuwa nimeanza kujiona mwendawazimu. Mama yangu mwenyewe aliniambia nimpe mke wangu muda. Sasa wewe, uliyezaliwa naye tumbo moja, msomi wa mambo haya haya, swali la kwanza kichwani mwako ni lile lile langu. Basi sina wazimu.

Nimempeleka mtoto kwa mama yangu. Dawa anapewa, sitaki useme mimi ni mnyama. Mama yake nimemwambia akikubali kusema jina, tutazungumza.

Nimeona uambiwe na mimi kabla hujaambiwa na yeye.

Shemeji yako

20 Februari

Dada,

Nimekwenda hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto, nisikojulikana na mtu. Sina. Karatasi iko humu, iweke kwenye faili lako pamoja na wagonjwa wako wengine.

Uliniuliza kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa na dada tu, na sasa hata huyo sijui.

Barua yako imesomwa sebuleni kwangu kwa sauti. "Kama kuna mtu, hata mara moja." Aliisoma mara mbili, akiinua kidole kwenye "hata mara moja". Halafu akamvalisha Bonge viatu, wakaenda. Viatu alimvalisha kinyume, cha kulia mguu wa kushoto.

Nimehamia dukani kwangu, nashona na kulala hapo hapo. Wateja wamepungua. Anayekuja anapima kitambaa huku ananipima mimi. Aliyebaki ni Mjomba. Ameshapita mara kadhaa, anakaa kwenye kiti cha wateja na mwavuli wake mapajani, tunanyamaza pamoja. Nilipomwambia Bonge ana nini aliinamisha kichwa, akasema, "Mungu yupo." Basi. Hakuuliza mimi nina nini, hakuuliza mume wangu ana nini, hakuuliza ilianza lini. Katika watu wote yeye peke yake ndiye hajaniuliza chochote. Ungejifunza kwake.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Nimekukosea. Sitajitetea kwa kusema ni mazoea ya kazi. Nilikuwa na nafasi ya kuwa wa kwanza kukuamini nikajipanga foleni pamoja na wengine. Nimemwandikia mumeo kumwambia hivyo; sijui kama amesoma.

Sasa nisikilize, hata kama umenikasirikia, na usimwonyeshe mtu barua hii. Naipeleka mwenyewe mpaka kituo cha basi, nimeiambatanisha na nguo, dereva atakukabidhi mkononi.

Bonge hayuko peke yake. Baada ya barua yako ya kwanza niliomba majibu ya watoto wote kutoka wilaya yenu. Wapo watoto wengine wadogo, mama zao hawana. Kila mmoja aliandikwa peke yake, kila daktari akadhani mama anadanganya, faili likafungwa. Hakuna aliyeyaweka mezani pamoja. Nilipoyaweka pamoja, Kitinda, yote yanatoka mitaa ya kwenu, ile ya kuzunguka soko. Mlipuko huu umekuwepo muda mrefu, ila kila nyumba ilidhani ni aibu yake binafsi. Wanawake wamefukuzwa. Mmoja simpati kabisa, ndugu zake wanasema hawajui alipo.

Watoto hawa hawajuani wala hawasomi pamoja. Nauliza walichoshirikiana ni nini. Kinyozi? Chanjo? Sindano?

Na hapo nikarudi kwenye barua yako. Mjomba amekuwa tabibu tangu kabla hatujazaliwa. Tabibu akiambiwa mtoto ana virusi, cha kwanza huuliza mama ana nini. Hawezi kujizuia, ni kama fundi viatu kutazama miguu ya watu. Kwa nini yeye hakuuliza?

Nijibu haya tu: Bonge amewahi kuchomwa sindano na Mjomba? Mara nyingi? Na sindano anaitoa wapi, kwenye pakiti au mahali pengine?

Usimwambie.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Ulianza na mimi. Sasa Mjomba. Kesho utamshuku nani, marehemu mama?

Ndiyo, Bonge amechomwa na Mjomba. Mtaa mzima umechomwa na Mjomba. Mtoto akikohoa anapelekwa kwa Mkono Mwepesi, na unajua kwa nini anaitwa hivyo, kwa sababu mtoto hata halii. Hospitali unakaa benchi mpaka makalio yanaota mizizi, halafu unaambiwa dawa hamna. Kwa Mjomba unaingia, anakuita jina, anamchoma, unarudi kazini. Ninyi wa wizarani mnakuja kutuhesabu tukishakufa.

Unauliza sindano anaitoa wapi. Anaitoa kwenye bakuli lake la chuma la maji ya moto, kama alivyokuwa akitoa tulipokuwa watoto, mimi na wewe. Tumekufa? Wewe umechomwa kwenye bakuli hilo hilo ukaenda chuo ukarudi na miwani.

Yeye ndiye aliyetulea mama alipofariki. Ndiye aliyekushika mkono siku ya kwanza ya shule kwa sababu ulikuwa unalia, usisahau, uliyekuwa unalia ni wewe. Na wewe umekaa mezani huko unamchunguza kwa barua za mdogo wako.

Nimemwambia. Sikuona sababu ya kumficha. Alikuwa anafuta mwavuli wake, akaendelea kufuta. Alisema tu, "Dada yako amesoma sana," akaondoka.

Mimi

8 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Nimepata anwani yako kwa mdogo wako. Nimefurahi kusikia unaendelea vizuri na kazi. Nilikuwa nikiwaambia watu, huyu atafika mbali, na umefika.

Nasikia una maswali kuhusu zahanati yangu. Ungeniuliza mimi, mwanangu. Mlango wangu huujui? Umelelewa nyuma ya mlango huo. Mkono unaokuandikia ndio uliokutoa tumboni mwa mama yako, kitovu kimezunguka shingo, hakuna umeme, hakuna gari. Sikukuomba shukrani siku hiyo na leo siombi.

Lakini nikuambie neno kama mtu mzima. Mji huu una watu wengi na hospitali moja. Wakiniondoa mimi, nani atawashika? Wewe utakuja na magari yako meupe, utaandika ripoti yako, utarudi. Watoto watabaki na homa zao. Fikiria hilo. Fikiria pia jina la mdogo wako. Kwa sasa yanayosemwa juu yake yanasemwa chini chini. Wakija watu wa serikali na vipaza sauti, ya mtoto wake yatasemwa hadharani, na mimi sitaweza kumkinga tena.

Sikutishi. Najua hutanielewa vibaya.

Mjomba wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Tulikuja, na najua unajua. Nilisimama mbele ya duka lako nikagonga. Nilikuona nyuma ya pazia la kujaribia nguo, miguu yako ilionekana. Nikaenda zangu.

Zahanati ilinuka rangi mbichi. Kuta zimepakwa, sakafu inang'aa, na kwenye rafu maboksi ya mabomba mapya ya sindano yamepangwa kama sabuni dukani. Mjomba alitukaribisha kwa soda. Alijibu kila swali. Bakuli? Bakuli gani? Wenzangu wakaniangalia mimi niliyewaambia habari za bakuli.

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Kina mama wakasema hawajawahi kumpeleka mtoto kwa tabibu huyo, hawamjui vizuri. Mmoja akisema hivyo mtoto wake mdogo alikuwa anatuimbia, "Mkono Mwepesi, Mkono Mwepesi," mpaka mama akamziba mdomo. Wanamwogopa, au wanampenda, sikuweza kutofautisha. Nadhani hata wao hawawezi.

Maabara imenipa kitu kimoja. Virusi vya watoto hawa vinafanana kama ndugu wa baba mmoja. Chanzo ni kimoja, na vimehama kutoka mtoto hadi mtoto. Hicho ndicho maabara inaweza kusema. Haiwezi kusema mkononi mwa nani. Hilo linahitaji mtu aliyeona, na sina mtu.

Sina haki ya kukuomba. Sikuombi. Nakueleza tu kitu kimoja kinachonikosesha usingizi. Bonge yuko kwa mama mkwe wako, na mama mkwe wako naye ni mtu wa Mkono Mwepesi. Bonge akipata homa atapelekwa. Wewe unafikiria sindano inayoingia kwa Bonge. Mimi nafikiria inayotoka kwake. Ikitoka kwa Bonge ikarudi bakulini, itaingia kwa nani?

Dada yako

29 Machi

Dada,

Nimekaa na barua yako nikiichukia. Niliiweka chini ya cherehani, nikawa nashona juu yake. Sentensi ya mwisho ikawa inapanda kwenye mguu wangu kila nikikanyaga. Itaingia kwa nani.

Jana asubuhi mwenye duka la vitambaa akapita akaniambia, "Nimemwona mama mkwe wako na mwanao wanaelekea kwa Mjomba wako, mtoto amechoka." Niliacha mkasi ndani ya kitambaa cha mtu. Sikufunga hata mlango.

Nilipoingia, Bonge ameshachomwa. Amekaa mapajani mwa bibi yake amejishika paja, halii, kama kawaida. Maboksi mapya uliyoyaona yapo rafuni, Dada, yamefungwa na gundi yake, hakuna hata moja lililofunguliwa. Na bakuli limerudi mezani linatoa moshi. Mjomba alikuwa amenipa mgongo. Aliitumbukiza ile sindano bakulini, akaitikisa kidogo, akaitoa, akavuta dawa kwenye chupa. Na mbele yake mwanamke kijana anamvua suruali mtoto mchanga. Wa kiume, mnene, anacheka na dari.

Nikapiga kelele, "Usimchome!"

Mjomba akageuka taratibu. "Kitinda. Hujambo mwanangu? Kaa, nakuja."

"Usimchome na hiyo."

Yule mama akanivamia kwa maneno: mwanangu ana homa tangu juzi, wewe nani, subiri zamu yako. Na hapo nikaelewa kwamba hakuna njia ya pembeni. Nikiongea kwa mafumbo mtoto anachomwa. Nikasema, "Sindano hiyo imetoka kwenye paja la mwanangu sasa hivi. Na mwanangu ana virusi."

Nimelisema neno hilo kwa sauti kwa mara ya kwanza, tena mbele ya benchi limejaa watu. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Bonge akaniambia, "Mama, sijalia."

Mjomba akawaambia watu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitutuliza nayo tukiota ndoto mbaya, "Msimsikilize. Mpwa wangu amechanganyikiwa. Ndoa yake imemharibu akili."

Dada, niliposikia hivyo kitu kilikatika. Nilitaka kumwambia mengi lakini nilichosema ni hiki: "Sawa, Mjomba. Mimi mwendawazimu. Mjukuu wako yuko ndani, nasikia anacheza. Unamchoma wewe mwenyewe kila akiumwa. Mwite, twende naye hospitali akapimwe, sasa hivi, sote tunaona. Akiwa hana nitapiga magoti hapa hapa nikuombe radhi, nitamwandikia Dada aje apige magoti na yeye."

Akatazama mlango wa ndani.

Nilidhani ataita. Niliomba aite, nakuapia, niliomba niaibike. Tulisikia yule mtoto ndani anagonga kitu na kijiko. Mjomba alishika ukingo wa meza. Akasema chini kabisa, mimi na yule mama tu ndio tuliosikia, "Sitaki kujua."

Yule mama akaanza kumvalisha mwanawe suruali. Kifungo kilimshinda, mama mkwe akamsaidia.

Njoo na karatasi zako. Nitasema nilichokiona na nitaweka jina langu.

Mdogo wako,
Kitinda

12 Aprili

Shemeji,

Salamu.

Mama yangu alirudi siku ile akanieleza aliyoyaona. Alinieleza akiwa amesimama, na mama yangu husimama akiwa amekasirika kweli. Alisema, "Ulinifanya nimnyang'anye mtoto mama asiye na kosa, halafu nikampeleka mwenyewe kuchomwa." Tangu siku hiyo chakula ananiwekea mezani bila neno.

Nimekwenda dukani kwa mke wangu mara kadhaa. Mara ya kwanza aliniuliza kama nimeleta nguo ya kushonwa. Mara ya pili nilileta kweli, suruali, akaishona akanipa.

Nakuomba uniombee kwake. Najua nilikuandikia vibaya. Lakini na wewe ulishuku, unajua inavyokuwa.

Shemeji yako

20 Aprili

Shemeji,

Najua inavyokuwa, na ndiyo maana sitakuombea. Mimi mwenyewe bado napanga foleni kwake.

Nitakuambia nilivyofanya mimi. Niliacha kumweleza kwa nini nilishuku. Kila sababu niliyompa, hata nzuri, alisikia kwamba bado natafuta haki yangu. Ulimshutumu mbele ya watu. Anza hapo.

Bonge nimeona majibu yake mapya. Dawa zimeshika.

Dada yako wa wizarani

8 Mei

Kitinda,

Nilitaka uyasikie kwangu kabla ya redio.

Zahanati imefungwa kwa amri. Maelezo yako ndiyo yaliyofungua mlango, na baada yako wakaja wengine, wa kwanza akiwa mama wa yule mtoto mchanga. Mtoto wake hana. Tumempima na tutampima tena, na mpaka sasa hana.

Watoto waliopatikana na virusi ni wengi kuliko nilivyoogopa. Tumeleta dawa, na wauguzi wa kutosha wamebaki huko, si magari meupe ya kuja na kuondoka. Hilo Mjomba alikuwa na haki ya kulisema, nami nimelisema wizarani kwa maneno yake.

Mjukuu wake anavyo. Alimleta mwenyewe, siku ya pili baada ya wewe kumwambia, kabla polisi hawajafika. Nesi anasema alimshika mkono mtoto mpaka majibu yalipotoka, kisha akaomba aonyeshwe jinsi ya kumpimia dawa. Akaonyeshwa. Aliuliza maswali yote, Kitinda, hakubakiza hata moja.

Sasa anasubiri kesi. Nilikwenda kumwona. Nilijiuliza kama alikuwa amejua muda wote, au alikuwa ameanza tu kushuku akaamua kutotazama. Nilimuuliza. Akasema, "Kuna tofauti?" Muda wa kuonana ukaisha. Nimemfanyia alichostahili na bado narudi nyumbani nikiona mikono yake. Sijui kama wewe unalala.

Dada yako

16 Juni

Dada yangu,

Nalala vibaya, lakini nalala. Kuna watu wamehama benchi kunipisha na wengine wamehama kunikwepa. Dirisha la duka limepigwa jiwe; alipiga mtu aliyeniambia usoni kwamba nimemzika akiwa hai mtu aliyewazalisha mama zetu. Wapo bado wanaogonga nyumba ya Mjomba wakiulizia sindano. Yule mama uliyekuwa humpati amerudi, alikuwa kwa shangazi yake mpakani. Mume wake amemfuata. Hajamfungulia.

Mimi nimefungua, lakini si haraka. Nilimwambia baba Bonge, "Ulinisema mbele ya nani?" Akawataja. Nikamwambia awaite wote. Akawaita uani kwa mama yake, majirani, mafundi wenzake, mpaka yule nesi wa magauni. Baba Bonge alisimama amevaa ile suruali niliyomshonea. Alisema, "Nilimwita mke wangu mwongo. Aliyekuwa hajui kitu ni mimi." Alitaka kuendelea na habari za maumivu yake, mama yake akamwambia inatosha, kaa chini.

Nimerudi nyumbani. Nampenda bado, kwa bahati mbaya. Ila sasa ninayeshuku ni mimi. Akichelewa nasikiliza hatua zake. Akinyamaza najiuliza anahesabu nini. Nilidhani ukweli ukitoka shaka itaondoka nao, kumbe imebaki, ninapika nayo, naoga nayo.

Jana nilimpeleka Bonge kliniki kutolewa damu. Mashavu yanarudi, Dada, yule daktari kijana alimwita Bonge akacheka mwenyewe. Nesi ni mgeni, mmoja wa mliotuletea. Alikuwa amenipa mgongo anaandaa vitu vyake kwenye trei, na mimi mgongo wa mtu mwenye sindano siuwezi tena.

Nikamwambia, "Nesi, samahani. Fungua nikiona."

"Nimeshafungua, mama, ni mpya."

"Fungua nyingine. Nikiona."

Akageuka, amekunja uso. "Kwani huniamini?"

Watu wakageuka kututazama. Foleni ilikuwa mpaka nje ya mlango. Zamani ningeona aibu, ningesema nakuamini dada, endelea. Nikasema, "Sikuamini. Si wewe tu. Simwamini yeyote mwenye sindano, na ungekuwa na mtoto kama wangu, na wewe usingeniamini mimi."

Alinitazama sana. Akachukua pakiti nyingine, akainyanyua usawa wa macho yangu, akaichana. Bonge akatoa mkono.

Nilipokuwa nambeba, mwanamke wa nyuma yangu, yule aliyemziba mwanawe mdomo siku mlipokuja, akakaa kwenye kiti akasema, "Na wangu, fungua nikiona." Wa nyuma yake akasema, "Na mimi." Kisha mlangoni huko, mtu ambaye hata hajaona kinachoendelea, akapaza sauti, "Na mimi!"

Nesi akashusha pumzi. Akaikokota meza yake kutoka pembeni, akaileta dirishani kwenye mwanga, tuone sote.

Mdogo wako,
Kitinda